Fundi Aliyesoma Visigino

Mimi hakuna jambo linaloweza kunishangaza. Nimeona ploti moja ikiuzwa kwa watu wanne siku moja, na wote wanne wakamwita muuzaji ndugu. Nimeona nyumba ya ghorofa tano kule Pipeline, Nairobi, ikiinama kama mlevi anayetafuta ukuta, na wapangaji bado wanalipa kodi. Mimi mwenyewe niliacha shule darasa la sita, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi Kayole, malori mawili, na vyumba vya kupangisha ambavyo idadi yake sitaitaja kwa sababu watu wa kanjo, wale wa baraza la jiji, nao husoma. Wenye digrii huja kwangu kuomba kazi na huniita bosi. Kwa hivyo nikikwambia kuna mtu mmoja aliyenishangaza, tena si mara moja, jua hapo nazungumzia mtu kweli.

Nitamwita Fundi, maana hatukuwa na jina lingine la kumwita. Jina lake la ubatizo lilikuwa la mkewe na la pasta. Sisi wa uwanja wa kikapu tulimwita Fundi, na aliyejaribu kumwita Kocha alijuta.

"Kocha ni mtu wa mshahara," angekwambia. "Umewahi kuniona nikilipwa? Basi mimi ni fundi."

Kazi yake ilikuwa akala, vile viatu vya tairi, katika soko la Kariokor. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu, na ndani mlikuwa na matairi hadi juu, na yeye katikati yake kama mbegu ndani ya tunda. Alikuwa mfupi, mnene mabegani, na alivaa aproni ya ngozi iliyokuwa imekauka ikawa inasimama peke yake akiivua. Kando yake palikuwa na kopo la maji. Mtu asiyejua angedhani ni maji ya kunywa. Yalikuwa ya kisu. Mpira wa tairi ukiukata kwa kisu kikavu, unakibana; unasukuma, unatoka jasho, na mwisho kinateleza kinakukata wewe. Ukikilowesha, kinapita polepole kama kwenye papai.

Hilo kopo lilikuwa nusu ya mafunzo yake yote. Kijana akikazana kupenya katikati ya watu watatu kwa nguvu, Fundi alipiga kelele kutoka pembeni: "Lowesha kisu! Lowesha kisu!" Timu za mitaa mingine zilifikiri tunatishiana kuuana. Refa mmoja alisimamisha mchezo akaomba kila mtu akaguliwe mifuko.

Alivyoingia kwenye mpira wa kikapu ni hadithi ya deni. Wachezaji wa uwanja wetu, ule wa simiti nyuma ya ukumbi wa mtaa, Ziwani, walikuwa wakimpelekea raba zao kushona soli. Enzi hizo za miaka ya tisini raba moja ilivaliwa na ndugu watatu kwa zamu. Kuna mmoja alichukua raba zake akaahidi kulipa Jumamosi, Jumamosi ikafika hakuonekana. Fundi akafunga kibanda, akaenda uwanjani kudai haki yake. Alikuta mchezo unaendelea, akakaa juu ya tofali asubiri uishe. Nasikia hakuuliza kitu hadi jua lilipotua. Kisha akamwita mdaiwa wake, na badala ya kutaja pesa akamwambia, "Wewe unaruka kwa mguu wa kushoto, na mguu wako wa kulia ndio wenye nguvu. Nimeshona soli yako, najua. Kesho ruka kwa wa kulia." Kesho yake kijana akaruka kwa wa kulia, akashangaa mwenyewe. Fundi hakuondoka tena pale. Pesa za kushona sijui kama zililipwa.

Na katika miaka yote niliyomjua, yeye mwenyewe hakuwahi kutupa mpira kwenye ringi. Hata kwa mzaha. Ukimrushia mpira, alikwepa kama mtu aliyerushiwa maji ya vyombo.

Hakuwa na filimbi. Alikuja na nyundo yake ya kazi, akasimama karibu na nguzo ya ringi, na akitaka msimame aliigonga nguzo mara moja: *ngeee!* Sauti ile ilikuingia kwenye meno. Majirani walimlaani. Jumapili alitoka moja kwa moja kanisani, kitabu cha nyimbo kikiwa kimechomoza kwenye mfuko wa aproni, kwa maana aliimba sauti ya tatu kwenye kwaya na hakutaka mtu asahau. Na alikuwa na tabia moja mbaya: timu ikiharibikiwa hakufoka, alianza kuvuma wimbo wa kanisa kwa pua, taratibu, macho ameyafumba. Tuliuogopa ule wimbo kuliko tusi. Ulikuwa na maana kwamba kuna mtu anakwenda kukaa benchi na bado hajajijua.

Nisimfanye malaika, hakuwa. Alikuwa mchoyo wa kupindukia. Timu yetu ilipokosa mpira hakukubali tuchange kununua; alitushonea mmoja kwa ngozi ya mabaki, akatia bladda ya zamani ndani. Ulikuwa mzito kama boga, na ukidunda kwenye mshono ulikwenda upande unaotaka wenyewe. Tuliucheza mwaka mzima. Faida yake ni kwamba tulipopata mpira wa kweli tuliudaka kama kikombe cha chai. Na Fundi alimwambia mteja wa akala, "Hizi hazitaisha, mzee, utazirithisha," kisha mteja akienda alinigeukia: "Zisipoisha mimi nitakula nini?" Siku hiyo hiyo jioni angetuhubiria juu ya ukweli.

Kuna jambo jingine. Kila Jumamosi asubuhi alinifanya nikae kibandani nimsomee ukurasa wa michezo wa gazeti la jana, kwa sauti. "Miwani yangu imepotea," alisema. Mimi niliyeacha darasa la sita nilisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, nikiteleza kila neno la tatu, na yeye anakata tairi bila kuinua kichwa: "Rudia hapo. Sijasikia." Mwaka na zaidi. Nilimhurumia, nikidhani hajui kusoma na anaona aibu. Kisha Krismasi moja mama yangu akanivuta kanisani kwao, nikamwona Fundi amesimama mbele anasoma somo la siku, maneno magumu ya manabii, bila miwani, bila kukwama, anameza ukurasa mzima. Alipomaliza alinitazama pale nilipokaa, akafunga kitabu. Jumamosi iliyofuata nikamkuta na gazeti. "Miwani bado imepotea," akasema. Nikasoma. Hivi unavyoniona nikiandika, ndiyo shule yangu hiyo.

Sasa niseme juu yangu, kwa sababu mimi ndiye kazi yake bora, na sisemi hivi kwa majivuno ingawa majivuno ninayo.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilisukuma mkokoteni na mjomba wangu, ndugu ya mama. Tulibeba marobota ya mitumba na mbao, tukishuka nayo mteremko wa kwenda mtoni Gikomba, safari sita, saba kwa siku. Mjomba mgongo ulikuwa umeanza kumkataa. Asubuhi nilimwinua kitandani kama mtoto. Nilimtazama nikajiona mimi mwenyewe baada ya miaka ishirini. Na nilikuwa nimesikia kitu. Kampuni moja ya Industrial Area ilikuwa na timu ya kikapu, na mchezaji wake hupewa kazi stoo, kazi ya payslip, karatasi ya mshahara kila mwezi, ya kukaa kwenye kivuli na kuhesabu makatoni. Kila mwaka walitafuta mtu mmoja mitaani. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwenda uwanjani. Mpira wenyewe sikuupenda sana. Niliipenda payslip.

Taabu ilikuwa moja tu: sikuweza kutupa. Na ninaposema sikuweza, usifikirie ya watu wengine. Swaleh, mtupaji wetu kutoka Majengo, kijana aliyekuwa na mkono kama wa kuazima kwa malaika, alikuwa akisema, "Buda, ukishika mpira hata ndege wa angani wanahama." Siku moja nilitupa nikiwa peke yangu, hatua nne, hakuna anayenikaba. Mpira ukaipita ringi, ukaipita bodi, ukaenda kutua ndani ya karai la mama wa mandazi aliyekuwa akipita zake.

"Wewe mtoto!" mama akapaza sauti. "Unalenga nini? Unanilenga mimi?"

"Pole, mama," Swaleh akamjibu, "angekulenga wewe ungekuwa salama."

Fundi alilipia mandazi yote yaliyoingia mchanga, akatufanya tuyale mchanga na yote.

Alinijaribu kila mahali. Kwanza aliniweka chini ya ringi kwa sababu ya kifua changu. Vijana warefu wa Makongeni walichukua mipira juu ya kichwa changu kama watu wanaochuma matunda kwenye mti wa jirani. Akanipa kazi ya kuleta mpira mbele. Mpira ukawa na miguu yake na mimi yangu. Akaniweka pembeni nisubiri kutupa, hiyo tumeshaiona. Mwishowe akaniketisha benchi, wiki tatu, na nikimtazama aliangalia upande mwingine. Nilidhani amekata tamaa. Mama naye nyumbani: "Huo mpira wako unalipa shilingi ngapi kwa saa?"

Jioni moja nilikuwa nimevaa akala zangu niende zangu, akaniambia, "Vua."

"Nivue nini, Fundi?"

"Viatu, kijana. Nilikwambia shati?"

Nikavua. Akazigeuza, akazishika kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye soli, mbele, katikati, nyuma. Mbele zilikuwa mpya kabisa. Michirizi ya tairi bado ilisomeka. Visigino vilikuwa vimeliwa hadi kwenye nyuzi, vyote viwili, sawasawa, kama vilivyopigwa msasa.

"Miaka ishirini na mitano nashona viatu," akasema polepole. "Watu wote huisha mbele. Wewe unaisha nyuma. Unafanya kazi gani?"

"Mkokoteni. Unajua, Fundi."

"Najua mkokoteni. Nataka kujua wewe unaufanya nini."

Hakungoja jibu. Kesho yake nikiwa katikati ya mteremko wa Gikomba na marobota saba nyuma yangu, nikamwona amekaa kwenye ukingo wa barabara, na aproni yake, katikati ya siku ya kazi, yeye aliyekuwa hafungi kibanda hata kwa mazishi ya mbali. Hakunisalimu. Aliangalia safari ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mjomba akaingiwa na wasiwasi: "Yule mzee ni askari? Tumekosa nini?"

Ngoja nikueleze alichokuwa anakiona. Mikokoteni mingi ina kipande cha tairi kimefungwa nyuma; ukishuka, unainua mikono ya mbele, kipande kinaburura chini, ndiyo breki. Chetu kilikuwa kimeisha zamani na mjomba aliona ni gharama ya bure. Breki ilikuwa mimi. Nilikaa mbele, mgongo kwa mzigo, magoti nimeyakunja, nikichimba barabara kwa visigino, na mzigo unanisukuma kulia, nakwenda nao kulia, unanisukuma kushoto, nakwenda nao kushoto. Mkokoteni huusimamishi. Ukijaribu kuusimamisha kwa ghafla unakupanda. Unakwenda nao, unaunyima haraka yake kidogo kidogo, hadi unafika chini umechoka wenyewe.

Jioni uwanjani aliniita mbele ya wote.

"Kuanzia leo," akasema, "wewe hutupi mpira."

Vijana wakacheka. Swaleh akasema, "Alhamdulillahi."

"Hutupi, huombi mpira, na ukiupata kwa bahati mbaya mpe mwingine haraka kama kaa la moto. Kazi yako ni moja. Timu yoyote tutakayocheza nayo ina mtu mmoja ambaye ni mzigo. Huyo ni wako. Usimnyang'anye mpira. Usimrukie. Nenda naye, mnyime haraka yake. Atafika chini amechoka."

Kwa miezi miwili alinifunga mikono. Ndiyo, alinifunga: alinivalisha aproni yake kinyumenyume, akaniingiza mikono kwenye mfuko, akamwambia Swaleh anipite. Swaleh alinipita mara hamsini siku ya kwanza. Mwezi wa pili alikuwa anasimama katikati ya uwanja akimlalamikia Fundi: "Mtoe huyu bwana. Ni kama kucheza na kivuli chenye jasho." Fundi alikata ukucha wake kwa kisu na kujifanya hasikii. Sifa kutoka kwake haikuwahi kuja kwa mdomo. Siku ile, nikiondoka, alisema tu, "Ziache hizo akala nizitie visigino." Na hakunidai kitu. Kwa mtu mchoyo kama yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Basi kampuni ikaja. Walileta timu yao nzima kucheza nasi Jumapili mchana, mechi ya kirafiki, na kocha wao mwenye kalamu sikioni, na karani aliyebeba fomu. Mtaa mzima ulijua wamemfuata Swaleh. Mimi nilijua pia, lakini moyo haukubali kuambiwa. Mjomba alikuja akasimama nyuma, ameegemea ukuta kwa ajili ya mgongo wake.

Mzigo wao ulikuwa mtu tuliyemwita kwa namba ya jezi yake, Namba Tisa. Mrefu, mwepesi, anajulikana mitaa yote. Dakika ya kwanza alinitazama kutoka juu hadi kwenye akala zangu, maana raba sikuwa nazo.

"Wewe si ndiye wa mkokoteni?" akaniuliza. "Rudi ukausukume."

Fundi alinikataza kusema na mtu niliyepewa. Swaleh akanijibia akipita: "Ndiyo anausukuma huo, na gunia ni wewe."

Nilikwenda naye. Kulia, kushoto, kulia. Alitupa akiwa ameegemea, alitupa akianguka, alitupa kwa hasira. Hadi mapumziko alikuwa amefunga vikapu viwili, na kimoja nilikuwa nimekwenda kunywa maji. Kipindi cha pili aliacha kuzungumza na mimi akaanza kuzungumza na refa. Swaleh upande wa pili alikuwa anamimina. Tuliongoza kwa kikapu kimoja, wakasawazisha, wakatangulia kwa kimoja, na muda ukabaki kidogo sana.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu. Mpira uligonga mguu wa mtu ukanijia mimi, chini ya ringi kabisa, na hapakuwa na mtu. Swaleh alikuwa pembeni, mikono wazi: "Nipe! Nipe!" Nikamwona karani na fomu zake. Nikaona kocha wao ananitazama. Nikasema moyoni: hawa wanaandika waliofunga. Nani ataandika mtu aliyezuia? Kikapu kimoja tu, hatua moja, payslip hiyo hapo.

Nikatupa.

Mpira uligonga ringi kutoka chini. Wewe umewahi kuona hivyo? Kutoka chini. Ukanirudia usoni, ukanitoa damu puani, wakauchukua, na muda ukaisha. Tulishindwa kwa kikapu kimoja.

Nikasikia wimbo wa kanisa, kwa pua, taratibu. Fundi alikuwa amefumba macho. Mjomba aliangalia chini. Swaleh hakunitania, na hiyo iliniuma zaidi. Nilikwenda kukaa kwenye tofali, nikashika pua, nikahesabu miaka ya mkokoteni iliyobaki hadi mgongo ukatae.

Kocha wao alikwenda moja kwa moja kwa Swaleh, akampa mkono. Na Namba Tisa, amelowa jasho, jezi ameivua ameitupa begani, akamshika kocha wake bega akamgeuza.

"Huyo mtupaji ni mzuri," akasema, "lakini watupaji tunao sita. Mimi namtaka yule wa damu puani."

"Yule? Hajafunga hata kimoja. Umeona alivyotupa?"

"Nimeona. Wewe umeona mimi nimefunga ngapi?" Kocha akatoa kalamu sikioni. "Tuko naye kwenye mazoezi au tuko dhidi yake kwenye mechi. Mimi dhidi yake sirudi. Chagua."

Fundi alifumbua macho. Wimbo ulikatika katikati ya mstari. Karani akanijia na fomu, akauliza jina, akauliza mtaa, akafika mahali pa nafasi ninayocheza, na mimi sikuwahi kuambiwa nafasi yangu inaitwaje.

"Andika breki," Fundi akasema nyuma yangu.

"Mzee, hakuna nafasi inayoitwa hivyo kwenye kikapu."

"Sasa ipo. Andika."

Karani akaandika. Nikamshukuru Fundi, nikaanza kusema maneno mengi, akanikata: "Ulipewa mpira ukatupa. Nilikwambia usitupe. Usidhani nimesahau kwa sababu umepata kazi." Akachukua nyundo yake akaenda nyumbani. Wiki nzima alikuwa amenikasirikia, na mkewe akaniambia kwamba wiki hiyo hiyo alilisimulia jambo hilo kwa kila mteja, hadi wateja wakawa wanasikiliza hadithi bila kununua viatu.

Swaleh alichukuliwa na timu nyingine mwaka uliofuata, kazi nzuri kuliko yangu, na hadi leo ni rafiki. Mimi nilikaa stoo miaka minane. Nikajifunza bei za vitu, nani anauza nini, nani anamuibia nani. Nikatoka nikafungua duka. Huwa nawaambia watu nimejitengeneza mwenyewe kwa mikono hii miwili, na ni kweli, isipokuwa visigino.

Nilimwona tena miaka michache iliyopita. Nilikuwa nimepita Kariokor, nikakuta kibanda kina binti yake, anakata tairi vizuri kumshinda. "Baba yuko uwanjani," akasema, kama mtu anayesema yuko bafuni. Nikaegesha gari pale ukumbini. Alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, amepungua, mabega yameshuka, mkongojo kando. Mbele yake kundi la watoto, wavulana na wasichana, wanakimbizana na mpira, wengine peku, wengine na malapa yaliyofungwa kwa kamba.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Alinitazama tumboni. "Hicho nacho umekipata wapi?"

Nikacheka. Nikamweleza mambo yangu, duka, malori, nyumba. Alisikiliza nusu, nusu nyingine ilikuwa kwa watoto. Nilipomaliza nikamuuliza kitu nilichokuwa nimekibeba miaka yote.

"Fundi, mbona hukunifundisha kutupa? Miezi miwili ulinifunga mikono. Ungenifundisha miezi miwili kutupa, labda ile siku ningefunga."

Hakufikiri hata kidogo. "Ningekufundisha miaka mitatu. Ungekuwa mtupaji wa katikati, si mzuri si mbaya. Nairobi hii imejaa watupaji wa katikati. Wako wapi?" Akakohoa. "Na mgongo wa mjomba wako haukuwa na miaka mitatu. Nilimwona siku ile Gikomba. Nilikuja kukuangalia wewe, nikamwona yeye."

Nimenunua ploti kwa watu wajanja bila kubanwa hivyo. Basi, kama desturi yangu nikibanwa, nikajisifu. Nikamwambia siku hizi natupa. Nyumbani nimeweka ringi ukutani, kijana wangu wa mwisho namshinda kila Jumapili.

"Ehee," akasema. Akagonga mkongojo chini mara moja, watoto wote wakasimama. "Mleteeni huyu mzee mpira. Atatupa kumi kutoka kwenye ule mstari. Kila atakayokosa, mmoja wenu anapata raba."

"Fundi! Na wewe ni mtu wa kanisa. Hiyo ni kamari."

"Hiyo ni sadaka. Nimeitafutia hesabu tu."

Nikavua koti. Watoto wakajipanga, wakaanza kuhesabu kwa sauti, na ya kwanza haikufika hata kwenye wavu. Wakashangilia kama nimefunga. Ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, vivyo hivyo. Kuna msichana mmoja mwembamba aliyekuwa akiangalia miguu yake kila nikikosa, kama anayepima ukubwa. Ya sita ilizunguka kwenye ringi ikatoka, nikasikia watoto wakipumua. Ya saba, naapa, iliingia. Iliingia bila kugusa chuma! Nikainua mikono yote miwili, mtu mzima mwenye malori.

"Umekanyaga mstari," Fundi akasema.

"Sijakanyaga! Waulize watoto!"

Akawageukia. "Amekanyaga?"

"Amekanyaga!" wote kwa pamoja, na yule msichana alikuwa wa kwanza.

Zilizobaki tatu sitazisimulia. Nilikwenda kununua mwenyewe, kwa sababu mimi hakuna muuzaji wa raba anayeweza kunipiga bei, na nilibishana na yule bwana hadi akaapa kwa mama yake. Jozi kumi, pamoja na soksi: shilingi elfu kumi na tisa, mia nne na hamsini.